Sikio la Fundi Dismasi

Fundi Dismasi alifungua boneti ya pikapu ya Leonia na papo hapo akajua imeshikwa na mtu mwingine. Nati ya distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, ilikuwa imepanguswa grisi na kukazwa upya. Moyo ulimchoma kama mume aliyekuta viatu vigeni mlangoni kwake.

"Nani kagusa hapa?"

"Heritier, yule fundi wa boti kule Ilagala," Leonia akajibu bila wasiwasi. Ni mchuuzi wa dagaa pale Katonga, na pikapu hiyo kuukuu ndiyo inayombebea mzigo. "Nimekwambia tangu masika, fundi. Ikipanda mlima na mzigo inagonga. We unasema haina kitu."

Haina kitu, ndiyo! Pikapu hiyo Dismasi anaitunza tangu marehemu mume wa Leonia akiwa hai. Leo aje kijana wa mashine za boti, jana tu kajua kushika spana, apekue humo ndani?

Katonga nzima inajua kwamba Dismasi anatega taimingi, yaani wakati wa moto kuwaka ndani ya injini, kwa sikio. Gari linapakiwa mzigo, linapandishwa mlima, naye anasikiliza. Akisikia ule mlio mwembamba wa kugonga, kama mchele unaomwagwa kwenye sufuria tupu, anajua moto unawahi kuwaka. Anashuka, anazungusha distributa kidogo, wanapanda tena. Yeye hupenda moto uwahi mpaka ukingoni kabisa mwa kugonga, maana hapo ndipo gari linavuta. Jina lake lote limejengwa juu ya kazi hiyo. Ukimwondolea sikio, anabaki mzee mwenye spana.

Akairudisha distributa pale alipoitega yeye. "Kamwite huyo Heritier wako. Si yuko mwaloni leo, kwenye boti? Tupande wote watatu, mlima uamue."

Heritier alikuja akijifuta mikono kwenye suruali. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu Dismasi, na neno lilimtoka kama mwiba.

Wakapanda, Leonia akiendesha, Dismasi katikati. Walipofika kwenye mwinuko mkali, Leonia alikunja uso. Heritier naye akamtazama, wakatikisa vichwa pamoja. Dismasi aliona wivu. Wana siri gani hawa ndani ya gari langu, akawaza, kana kwamba gari lilikuwa lake.

"Kimya kabisa," alisema. "Mnaona inavyovuta?"

Waliporudi chini ilikuwa zamu ya Heritier kutega; Dismasi alilegeza nati mwenyewe, maana spana yake haishikwi na mtu. Heritier aliizungusha distributa kwa mkono, kiasi kidogo tu, Dismasi akaibana nati nusunusu ya kujaribia na kuitia spana mfukoni.

Safari ya pili alitega sikio kwa nguvu zake zote. Alisikia mngurumo wa injini, upepo, matenga ya dagaa yakicheza nyuma. Yaleyale ya mwanzo. Lakini kijana yule hakuweza kuachwa ashinde hivihivi.

"Hapo!" akapiga kelele. "Sikieni wenyewe! Inagonga! Ameniharibia gari!"

Leonia aliegesha pembeni na kuvuta breki ya mkono. Alisema jambo, na Dismasi akalazimika kumtazama midomo ili alipate.

"Fundi, haigongi. Iligonga ile safari ya kwanza."

Injini iliendelea kuunguruma. Dismasi alimkumbuka mkewe, Agnesi, ambaye siku hizi humwita kula mara tatu, kisha huja kumgusa bega. Alikuwa akidhani mwanamke amekuwa mnong'onaji kwa hasira. Kumbe ni yeye asiyesikia vizuri, tangu masika, labda tangu kabla yake, na mteja wake alikuwa akimwambia kweli.

Alimgeukia Heritier akitamani amkute anacheka, apate kumchukia vizuri. Heritier alikuwa akitazama ziwa kule chini. Dismasi aliyaona masikio yake, makubwa, moja lina doa la oili, akayaonea wivu kuliko alivyowahi kumwonea mtu nyumba au mke.

"Nati bado haijakazwa, mzee," Heritier alisema, safari hii kwa sauti kubwa, akimwelekea usoni.

Dismasi alitoa spana mfukoni, akamnyooshea. Heritier aliishika, akaivuta. Haikuja; vidole vya Dismasi vilikuwa bado vimeibana. Akaivuta tena.