Mtihani wa Kuvua Ushungi

Kiingereza kiliniudhi tangu mwanzo, na neno lililoniudhi kupita yote ni "take". Lenyewe maana yake ni kuchukua, basi ungedhani ukishalijua umemaliza kazi. Thubutu! Lipe kijineno "out", limekuwa kutoa. Lipe "down", kushusha. Lipe "away", kuondoa. Lipe "off", kuvua. Mwalimu wetu wa kike pale Mbeya hakututafsiria hata moja. Alitutaka tutende huku tukisema, na kwa baridi ile tulivua sweta na kuvaa tena mpaka meno yakagongana. Nyumbani niliendelea vilevile, na ndoo, na sufuria, na kanga za kwenye kamba, hadi Mama akaniuliza huyo "tek" ni mwanamume gani ninayemtaja kutwa nzima.

Mama alitania, Baba hakutania. Alikuwa mfanyabiashara wa mchele, mtu wa asili ya pwani, na msimamo wake ulijulikana mtaa mzima: binti aliyekwisha kuvunja ungo hakai bweni. Mwalimu alimbembeleza weee, mpaka akakubali jambo moja. Nikifaulu usaili wa Iringa, nitaingia shule ya bweni ya wasichana. Nikishindwa, posa iliyokuwa imeletwa inajibiwa wiki hiyohiyo. Mposaji nilimjua. Alikuwa na wake wawili na harufu ya tumbaku, nami sikumtaka, sikumtaka kabisa!

Lori lilitushusha Ipogolo, vumbi la Chimala bado limo mdomoni. Tukapanda mlima kwenda mjini kwa miguu, Baba mbele.

Chumba cha usaili kilikuwa na bibi wa Kizungu mezani, na kando yake walimu wawili wanaume wakiandika. Baba aliomba mlango usifungwe, akakaa kwenye benchi nje, ananiona. Bibi akatoa amri kwa Kiingereza, mimi nikatenda. Toa kitabu mkobani. Shusha picha ukutani. Ondoa kiti. Moyo ukaanza kutulia.

"Take off your scarf, please," akasema.

Wenzangu walionitangulia, mabinti wa Kilutheri na wa Kikatoliki, kumbe walikuwa wamevua vitambaa vyao bila wasiwasi wowote. Mimi nikaganda. Nilielewa, wallahi nilielewa! Lakini nivue ushungi mbele ya wanaume wawili, Baba ananitazama? Nikivua, Baba atanishika mkono turudi Mbeya. Nisipovua, wataandika kwamba sijui. Bibi akarudia polepole, kama anayesema na kiziwi. Wale walimu wakainamia karatasi zao.

Baba, ambaye hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, aliona tu mwanawe ameduwaa. "We mtoto," akafoka kutoka nje, "mbona unanitia aibu? Fanya unaloambiwa!"

Hasira zikanipanda. "Ananiambia nivue ushungi, Baba!"

Kisha nikasikia benchi likilia. Baba akaingia, nami nikajua yamekwisha, narudi kuolewa. Akasimama kando yangu, akavua kofia yake ya viua, akaiweka mezani mbele ya yule bibi. Maisha yangu yote sikuwa nimemwona akiwa kichwa wazi mbele ya wageni.

"Mwambie," akasema, "mwanangu ameelewa. Kuvua kwenyewe ndiko huku."

Sikuwa nimewahi kusema sentensi ya Kiingereza ambayo sikufundishwa. Nikaisema: "I understand. My father has taken off his hat. I cannot take off my scarf."

Bibi akawa mwekundu hadi masikioni. Akaisogeza kofia taratibu upande wa Baba, akasema avae, tafadhali. Nikamtafsiria.

Baba hakuigusa. "Mwulize kwanza," akasema, "umefaulu au hukufaulu?"

Nikauliza, huku nimeshika ukingo wa meza.

"Yes," akasema bibi.

Neno hilo Baba alilijua. Akavaa kofia yake.