Bibi tuliyemlaza chini asianguke, mwanawe akaona tumemfanyia matanga

Wakuu, shikamoo zenu nazipokea mapema, maana humu ndani sidhani yupo anayenizidi umri. Mjukuu anachapa, mimi naongea. Na hii si chai, ni kweli tupu.

Enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini, nilikuwa binti mhudumu kwenye nyumba ya wazee ya misheni, kule Vwawa.

Vitanda vilikuwa vya chuma, virefu kwenda juu. Wazungu waliona ndiyo heshima. Wazee wetu walikuwa wamelala kwenye mikeka maisha yao yote, basi wakawa wanadondoka ovyo.

Alikuwepo Bibi Malita wa Ndalambo. Macho yamekwisha, mifupa imechoka. Alishaanguka akapasuka paji la uso. Nikamwomba mkubwa wetu, tukashusha godoro lake sakafuni.

Jamani, alinawiri! Akawa anaamka mwenyewe, anajikongoja hadi mlangoni kuota jua, anatutania.

Kisha akaja mwanawe, Simoni, kutoka migodini ng'ambo ya Tunduma. Suti, kofia, viatu vinang'aa. Akasimama mlangoni, akaanza kulia.

"Dada, humu kafa nani?"

Desturi zetu mnazijua, malazi yakishushwa chini pana msiba. Nikamweleza habari ya kuanguka. Hakunisikia.

"Nimechimba shaba ujana wangu wote ili mama alale kitandani. Ninyi mnamfanyia matanga akiwa hai?"

Mkubwa wetu akaniambia niache, mwenye mama kashasema. Nikamgeukia bibi, aseme mwenyewe. Akaniambia polepole, "Mwache anipandishe, mwanangu. Nisimwaibishe."

Simoni akambeba kwa mikono yake, akamlaza juu, akamfunika blanketi jipya. Kwa upendo kabisa. Hapo ndipo ninapochoka mpaka leo.

Alfajiri bibi aliteremsha mguu akitafuta sakafu, akadondoka. Nyonga ikavunjika. Hakuinuka tena, tukamzika kabla Simoni hajarudi kazini.

Hasira hii nimekaa nayo miaka yote, sijui nimpe nani. Nikimlaumu Simoni, namlaumu mtoto aliyempenda mama yake.

Fundisho ninalo, wakuu, ila halinisaidii. Mzee mlaze pale ambapo hata akiteleza hataumia, majirani waseme watakavyo.

Juzi nimemwomba mwanangu hapa Chapwa anishushie godoro. Kakataa. Anasema watu wataona kanitupa. Kitanda chenyewe kirefu, kizuri, kakinunua kwa jasho lake.

Nikamshukuru.

Haya, ninyi wazazi wenu mmewalaza wapi? Semeni ukweli, mjukuu atanisomea.