Ubao Usiozinduliwa

Amongin wa kule Sikuda hakuzaliwa na maji. Alizaliwa na ng'ombe, mihogo na vumbi la njia ya malisho. Ziwa aliliona kwa mara ya kwanza wiki ile Osire alipomuoa na kumleta kwenye mwalo mdogo karibu na Majanji, na wavuvi wa pale walimcheka tangu siku hiyo. Mtu wa ng'ombe huyu, walisema, atazama hata kwenye beseni la kuogea. Leo wageni wakija na simu zao kuuliza ni nani aliyeanza kusimama juu ya maji pande hizi, kila mwanamume mwaloni anakohoa na kuweka kola yake sawa.

Alianza yeye. Anayetaka kununa na anune.

Ubao wenyewe, ule wa kusimama na kupiga kasia majini, uliachwa na mgeni katika nyumba ya wageni iliyo juu ya mwalo. Ulikuwa umepasuka ubavuni, na Geoffrey, mtunza nyumba, aliulaza juu ya makreti mawili ya soda akaugeuza kuwa meza ya kupigia pasi. Amongin, aliyekuwa akipeleka samaki wa kukaanga pale jikoni, aliulizia bei yake. Geoffrey akacheka.

"Chukua, mama. Inanijazia stoo bure."

Akaubeba kichwani. Akaziba ufa kwa pamba na lami, kama Osire alivyoziba mtumbwi wake, kisha akachonga kasia refu kupita kimo chake. Na hapo ndipo matusi yote ya Kiteso aliyoyajua yalipopata kazi. Alikaa juu ya ubao, ukamtupa. Akapiga magoti, ukamtupa. Asubuhi moja alipandwa na hasira hata akasimama wima ili autukane vizuri, na ubao ukatulia.

Akachungulia chini. Kwa miaka mingi alikuwa ameparua, amekata na amekaanga samaki wa ziwa lile, na hakuwahi kuwaona wakiishi. Sasa walikuwa wakipita chini ya nyayo zake, wanageuka wote pamoja, wanamwonyesha matumbo meupe. Alilia pale pale, peke yake, akacheka, akaanguka tena.

Sasa, mwalo ule una mwiko wake. Mwanamke akipanda mtumbwi hukaa chini, kwenye sakafu, magoti pamoja, mpaka afike. Akisimama, samaki watakimbia, na mtumbwi wa mumewe utavutwa nchi kavu msimu mzima. Ila mwiko huo unashika chombo kilichozinduliwa tu. Mtumbwi mpya huletwa ukingoni, mzee wa mwalo humwaga pombe ya ulezi kwenye pua yake, ile ncha ya mbele, huupa jina, wanawake hupiga vigelegele, na kuanzia hapo ni mtumbwi wa watu. Kabla ya hapo ni mbao zilizopigiliwa misumari.

Amongin alilijua hilo. Akapika pombe yake mwenyewe, akavaa gomesi ya kanisani, akaupeleka ubao kwa Mzee Erisa, aliyekuwa mzee wa mwalo. Tena alikwenda kwa heshima, amepiga magoti. Hakutaka vita. Alitaka ubao wake upewe jina kama mitumbwi ya wengine, naye ahesabiwe kuwa mtu wa ziwa. Angekubali hata kukaa.

Mzee Erisa aliuzunguka ubao, akaugonga kwa fimbo. Wavuvi walikuwa wamejaa, wakisubiri kitu cha kuwachekesha.

"Wewe mama, unataka nimwage pombe kwa meza ya pasi? Hii kitu hapana mtumbwi. Hii ni mbao tu. Rudisha kwa Geoffrey, anyooshe shati."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Pombe waliinywa wao. Amongin aliubeba ubao wake akarudi nyumbani na uso mkavu, lakini moyoni aliumia, na donda lile halikufunga upesi.

Mwaloni hapo mukene, dagaa wa ziwa hili, huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo asubuhi wanaume hulala kama magunia. Asubuhi ziwa ni la wanawake, wanaoanika mukene ukingoni. Na kwa kuwa ubao ule ulikuwa mbao tu, hakuna aliyeona sababu ya kuamka kuukataza. Akumu, jirani yake, alikuwa wa kwanza kuomba kujaribu. Wakafuata wengine. Walipigilia mbao zao wenyewe, wakafunga madumu ya mafuta chini yake, wakajifunza kusimama, gomesi zimekunjwa kiunoni. Walikwenda mpaka ukingo wa mafunjo na kurudi kabla waume zao hawajaamka kudai chai. Miaka ikapita hivyo.

Mwaka jana ndipo klabu moja ya mjini ilipoleta mashindano ya mbio za mbao hizi majini. Mabango yakasimamishwa, spika zikafungwa, wasichana wa Jinja wakashuka na mbao zenye rangi za peremende. Mzee Erisa alifurahi mno, alinunua kofia. Kisha akasikia kwamba Amongin na Akumu wamejiandikisha, na kwamba watasimama mbele ya kamera. Akaja nyumbani kwa Osire siku hiyo hiyo.

"Wageni wasimame, mambo yao wataenda nayo kwao. Bibi ya hapa akisimama, mtumbwi yako inapanda juu, Osire. Msimu mzima."

Alipoondoka, Osire alifunga mlango. Si mtu mbaya Osire. Hakuwahi kumcheka mkewe, na hakuwahi kumtetea pia.

"Kaa tu, Amongin," alisema. "Siku moja tu. Watoto nakula kwa ule mtumbwi."

"Najua wanakula wapi."

"Basi kaa."

Akatoka nje. Maneno ya Erisa hayakuwahi kumchoma kama ombi lile la mumewe, kwa sababu lilikuwa na haki ndani yake. Aliwaza mtumbwi ukipasuka juani, na watoto wakirudi kutoka shule kwa miguu mpaka kwenye sufuria tupu. Aliwaza pia kukaa, magoti pamoja, wasichana wa Jinja wakimpita wima kwenye maji aliyowafundisha wenzake kuyasimamia. Asubuhi aliupaka ubao lami mpya.

Mwalo ulifurika watu siku ya mashindano. Mzee Erisa alisimama mbele yake majini, kofia mpya kichwani.

"Kaa, au mtumbwi inapanda."

"Mzee, mimi naheshimu wewe," Amongin alisema, kwa sauti ya kufika nyuma kabisa. "Mwiko ni wa mtumbwi. Hii nilikuletea, nimepiga magoti. Ulisema nini?"

Erisa akaiweka kofia yake sawa.

"Ulisema hii ni mbao tu! Hawa wote walicheka. Waulize."

Wavuvi wakatazama miguu yao. Mmoja nyuma akaropoka, "Kweli, mzee, ulisema," na kicheko kikazunguka mwalo mzima, safari hii kikielekea kwa mwingine.

Lakini Erisa hakuwa mjinga. Alitikisa kichwa polepole, akatabasamu, akaagiza kibuyu cha pombe ya ulezi.

"Mama anasema kweli. Nilikosea. Basi tunazindua sasa hivi, mbele ya watu wote. Inaitwa Amongin."

Wanawake wakapiga vigelegele. Osire alifumba macho kwa furaha; kwake yote yalikuwa yamekwisha vizuri. Na Amongin, Mungu anajua, alitamani kukubali. Lilikuwa neno lile lile alilolipikia pombe, kwa jina lake mwenyewe, mbele ya mwalo wote. Alikaribia kuinama. Kibuyu kikainama kabla yake, naye akaona kitakachofuata: tone likigusa pua ya ubao, atakaa, na Akumu atakaa, na wote watakaokuja baada yao.

Akauvuta ubao kwa mikono miwili. Pombe ikamwagika mchangani.

"Hapana, mzee. Iache iwe mbao."

Akapanda, akasimama.

Alishinda msichana wa Jinja. Amongin alifika karibu wa mwisho, kwa sababu Akumu alianguka njiani naye akarudi kumsubiri, wakaja pamoja wakitukanana kwa furaha. Jioni Osire alishika mtumbwi wake mbele ya Mzee Erisa. Aliwatazama wavuvi wenzake, akangoja aone kama kuna mkono utakaomzuia. Hakuna. Akausukuma majini.

Nenda sasa asubuhi, wanaume wakiwa wamelala. Utaona mbao zimepangwa kando ya mukene, za madumu, za plai, mmoja hata ni mlango wa zamani. Hakuna hata mmoja uliozinduliwa.