Aliyeitwa Mzee Lahisi

Nyongesa wa Ndalu hakuwa mchekeshaji. Mchekeshaji alikuwa mdogo wake, Makokha, ambaye sauti yake ilitoka redioni Kitale kila Jumamosi asubuhi, na ambaye mpaka leo watu wa Trans-Nzoia na Bungoma wakimtaja hutabasamu kwanza. Nyongesa alikuwa mkulima wa mahindi, mzee wa kanisa, mume wa Sellah, na baba wa binti mmoja, Nelima.

Sisi majirani tulimjua kuwa mtu wa maneno. Kwa Kibukusu, nasema. Watu wakigombania mpaka wa shamba, aliitwa yeye. Alikuwa na namna yake ya kuanzia mbali, kwa habari ya ng'ombe aliyepotea zamani au mvua iliyokataa kunyesha, mpaka waliokuja na mapanga wakajikuta wameketi kwenye nyasi wakimsikiliza.

Kiswahili ndicho kilichomshinda. Alikiokota sokoni akiwa mtu mzima, na ulimi wake haukukubali kamwe kutenganisha r na l. Kwake lori lilikuwa rori, barabara ilikuwa balabala, na kazi yoyote ilikuwa lahisi. Ukimwomba akusaidie kumkamata ndama, atakwambia, "Hiyo ni lahisi, ngoja nikuje." Hakuna aliyejali. Nusu yetu tunasema hivyo hivyo.

Makokha alihamia Kitale angali kijana. Alipanga chumba mtaa wa Tuwan, akafanya kazi ya kupakia magunia, na jioni akawavunja mbavu wapakiaji wenzake. Kutoka hapo aliitwa kwenye arusi, na kutoka arusini akaitwa redioni. Alijaribu visa vya wanasiasa na vya walevi, watu wakacheka kidogo tu. Lakini siku alipomwiga kaka yake, mtangazaji mwenzake alishindwa kuendelea na kipindi kwa kicheko. Siku hiyo ndipo alipozaliwa Mzee Lahisi.

Mwanzoni Nyongesa alifurahi. Aliweka redio uani, akatuita, na tukacheka pamoja naye. Kisa cha benki alikipenda. Kilikuwa cha kweli kwa sehemu: Nyongesa alikwenda benki mjini Bungoma, mashine ya foleni ikamtolea karatasi ya nambari, naye akaipokea kwa mikono miwili na kusema ahsante. Alikuwa mtu wa adabu. Lakini Mzee Lahisi wa redioni aliisalimu ile mashine, akaiuliza habari za watoto, na wiki iliyofuata akaipelekea jogoo wa shukrani. Nyongesa alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu mtoto ni mwongo sana," alisema, na fahari ilimjaa usoni.

Kisha akaenda mnadani, kwenye mji wa Kwanza, kuuza fahali. Alikuwa katikati ya kutaja bei yake mnunuzi alipomkazia macho.

"Ngoja kwanza. Wewe si ni Mzee Lahisi?"

"Mimi ni Nyongesa."

"Ni yeye! Kujeni muone! Mzee, hebu sema 'rais wa Jamhuri ya Kenya'. Si useme tu, bana, mara moja."

Watu wakakusanyika. Hawakuwa na ubaya. Mmoja alimnunulia soda. Lakini kila alipofungua kinywa kurudia bei ya fahali, walicheka, na mwisho akamrudisha mnyama nyumbani.

Ikawa hivyo kila alikopita. Kanisani, vijana wa kwaya waliinamisha vichwa alipoanza kuomba. Shuleni, Nelima aliitwa Binti Lahisi, na akaacha kumwambia baba yake kuhusu siku za wazazi. Nyongesa alianza kuyachuja maneno yake. Hakusema tena "barabara", alisema njia. Badala ya "leo" alisema siku hii. Pale neno lilipokosa mwenzake, alionyesha kwa mkono. Tulimwona akisimama katikati ya sentensi kama mtu aliyefika ukingoni mwa mto akitafuta jiwe la kukanyaga.

Mwishowe alikwenda Tuwan kumwona mdogo wake. Sellah alifuatana naye, na ndiye aliyetusimulia. Walimkuta Makokha peke yake. Mke alikuwa amechoka na pombe ya mumewe na kurudi kwao na watoto. Nyumba ilinuka, na yule mtu aliyechekesha wilaya mbili alikuwa amekaa kitandani na viatu miguuni. Waliongea Kibukusu.

"Makokha," Nyongesa alisema, "nimekuja kukuomba uniachie mdomo wangu."

"Kaka, watu wanakupenda. Hujui tu. Ninakokwenda kote, wananiuliza wewe uko wapi."

"Hawaniulizii mimi. Wanamwulizia yule uliyemtengeneza. Ukimaliza kuongea wewe unavua hiyo sauti, unaitundika. Mimi nalala nayo."

Makokha akasema, "Nimejaribu mengine. Nasimama mbele yao na mambo yangu mwenyewe, ya nyumba hii, ya watoto wangu, wananiangalia tu. Nikisema 'lahisi' wanaanguka. Ukinipokonya hiyo, nitabaki na nini?"

"Utabaki na kaka."

Makokha alilia. Aliahidi kuacha, akamshika kaka yake mikono, na kwa wiki kadhaa kweli akaacha. Halafu Jumamosi moja, tukiwa tunapukuchua mahindi kwa Nyongesa, kipindi kilianza na kisa kipya: Mzee Lahisi amesafiri mpaka mjini kumwomba mdogo wake amrudishie mdomo. Alipofika mlangoni alibisha hodi, akamkuta mlevi kitandani na viatu, na wote wawili wakalia mpaka majirani wakaleta ndoo. Kilikuwa kisa kizuri kuliko vyote alivyowahi kusimulia. Hata mimi nilisikia kicheko kikinipanda kooni. Nyongesa aliinuka, akazima redio taratibu, akarudi kwenye mahindi yake.

Tangu siku ile hakusema tena Kiswahili. Mahindi yaliuzwa na Sellah. Mgeni akija, Nyongesa aliitikia kwa kichwa na kuingia zizini.

Makokha alikufa kabla hajazeeka, ini likiwa limeharibika. Alizikwa Ndalu, kwao. Watu walijaa mpaka wakapanda juu ya miti na juu ya choo. Mahema yalitoka Kitale, wanasiasa wakaja na maua, na redio ikarusha mazishi moja kwa moja. Wakati wa familia ulipofika, mshereheshaji, mtu wa redio aliyeitwa Mathenge, alimwita kaka wa marehemu. Kupitia kwa Nelima, Nyongesa aliomba aruhusiwe kuzungumza kwa lugha ya nyumbani.

"Ah, hapana, mzee," alisema Mathenge kwenye kipaza sauti. "Tuna wageni, na tuko hewani. Kiswahili kidogo tu."

Nyongesa alishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu," alianza. "Makokha arikuwa mdogo wangu."

Kicheko kilianzia nyuma, kwenye miti, kikashuka mpaka kwenye mahema. Wengi walikuwa wanacheka na kulia pamoja, kwa maana ilikuwa ni kama marehemu amesimama pale. Nyongesa alingoja kipoe.

"Arikuwa mtoto mgonjwa. Mto urijaa, nikambeba mgongoni. Nirimwambia, shika shingo, usiachirie..."

Walicheka zaidi. Mwanasiasa mmoja alijifuta macho kwa tai. Nyongesa aliwaangalia, machozi yakaanza kumtiririka, na waliokuwa mbali wakapiga makofi wakidhani ndio mchezo wenyewe. Hakushusha kipaza sauti. Aliendelea kueleza ule mto, neno kwa neno, jinsi mtoto alivyokuwa mwepesi na jinsi yeye alivyosikia ubaridi wa miguu ya mtoto mbavuni mwake. Sellah ndiye aliyeinuka. Alikwenda akasimama kando ya mumewe, akawatazama watu tu. Kicheko kikafifia safu kwa safu, mpaka ikabaki sauti ya yule mzee, na wakati huo alikuwa amekwisha kumaliza.

Video ilifika kwenye simu zetu hata kabla ya kaburi kufukiwa.

Muda si mrefu Mathenge alirudi na gari la redio. Alimkuta Nyongesa akipalilia na Nelima, ambaye sasa alikuwa mwalimu Bungoma na amekuja likizo. Mathenge alisema wasikilizaji wanamlilia Mzee Lahisi. Nyongesa angekaa tu studioni Jumamosi aongee chochote, na wangemlipa vizuri.

"Mwambie mgeni," Nyongesa alimwambia binti yake kwa Kibukusu, "kwamba aliyekuwa na kazi hiyo ameshazikwa."

Mathenge aliposikia tafsiri alitoa kicheko. "Umeona! Hata hiyo ni kali!" Nelima akamsindikiza mpaka kwenye gari.

Redio ikaanza kurudia vipindi vya zamani. Visa vikapigwa chapa vikawa kitabu, na shule zikaviigiza kwenye mashindano. Shuleni kwa Nelima, kijana alivaa koti kuukuu, akapokea karatasi kwa mikono miwili, na ukumbi mzima ukalipuka. Wakapata nafasi ya kwanza. Nelima hakumwambia mtu kwamba koti kama lile lilining'inia kwao.

Maumivu ya kifua yalimwanza Nyongesa msimu wa kupanda. Nelima mwenyewe alimpeleka kliniki moja Bungoma, akatoka nje kidogo kupokea simu ya shule. Daktari kijana, Kiplimo, aliuliza maswali kwa Kiswahili, kwa upole. Yanaanzia wapi? Yanashuka mkononi? Mlango ulikuwa wazi na benchi la wagonjwa liko pale pale. Nyongesa alisikia mmoja akinong'ona, "Si huyo ni Mzee Lahisi?" Akaona simu ikiinuliwa. Akaweka mkono tumboni ili maswali yaishe haraka, akatikisa kichwa kwa kila swali lililofuata. Nelima aliporudi, baba yake alikuwa amepewa dawa za tumbo na amesimama mlangoni.

"Papa, umemweleza vizuri?"

"Nimemweleza."

Alikufa shambani, jembe likiwa mkononi, mahindi yakiwa ya magotini.

Nelima alikataa mahema na akakataa kipaza sauti. Alisema mazishi yatakuwa kwa Kibukusu tangu sala ya kwanza mpaka ya mwisho. Wale waliowahi kuamuliwa na Nyongesa walisimama mmoja mmoja wakasema alichowaambia, na watu ambao baba zao walifukuzana kwa mapanga waliketi bega kwa bega. Tulizungumza mpaka jua likaanza kushuka.

Vijana waliokuja kwa pikipiki kutoka Kitale na Kwanza kumzika Mzee Lahisi walisimama kando ya uzio, simu mkononi, wakingoja. Mmoja aliniuliza ni lini watafikia yale mambo ya kuchekesha. Nilimwambia hayapo. Waliondoka kabla ya chakula.