Nimevuka Mpaka, Bado Napigiwa Simu

Siku niliyotumbukiza simu yangu kwenye sufuria ya maharagwe naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu usiku wake tulikunywa chai kavu tukalala.

Usishangae nikikuita mwanangu. Pengine tuko rika moja, pengine hata umenipita. Lakini mtu akikaa Jebel mwaka mzima akimsubiri mume anayeishi Atlabara, mji huohuo wa Juba, anapata mvi za rohoni, na akishazipata ana haki ya kushauri watu.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Lado, baba wa mtoto wangu, alikuja kututembelea. Sikiza neno hilo: kututembelea. Shati limepigwa pasi, tikiti maji mkononi kama mgeni, amekaa kwenye kiti cha plastiki, na shangazi yake ameketi katikati yetu kama askari wa mpakani. Akanyoosha mikono amchukue binti yetu, Tabitha. Mtoto akapiga nduru, akajificha nyuma ya sketi yangu, kisha akakimbia ndani na kurudi na simu. Akaiweka sikioni.

"Baba?" akasema. "Baba, kuna mtu hapa."

Lado alicheka kwanza. Halafu akaanza kuangalia viatu vyake. Mimi nikamnyang'anya mtoto simu, na kwa kuwa jiko lilikuwa karibu na maharagwe yalikuwa yanachemka, ikaingia humo.

"Sasa nitakupata wapi?" Lado akauliza. Huyo ndiye mwanamume niliyemfuata, mwanangu.

"Hapohapo kwenye maharagwe," nikamwambia. "Au uje uishi na mtoto wako."

Acha nikurudishe nyuma kidogo, usije ukadhani mimi ni kichaa tu. Lado alisomea kwetu Kitale, na huko ndiko tulikopendana. Alipomaliza shule akarudi kwao Juba, akawa fundi wa jenereta. Mapenzi yetu yakahamia kwenye simu. Kila jioni: umekula nini, mvua imenyesha? Alikuja likizo, akaondoka, Tabitha akazaliwa hayupo, na swali likaongezeka: mtoto ameota jino? Mwisho akaniambia, "Njoo. Mambo ya wazee yataisha ukiwa hapa." Nikaacha kazi yangu ya dukani, nikafunga mtoto mgongoni, nikapanda basi. Tulipovuka mpaka pale Nimule nililia kwa furaha mpaka abiria wa kiti cha pili akanipa leso.

Lado alinipokea stendi, akanibebea mzigo vizuri kabisa, akanipeleka kwa shangazi yake Jebel. "Siku chache tu," akasema.

Shida ilikuwa hivi. Kwao, baba yake mkubwa alishikilia kwamba wazee wa msichana ndio wanaotangulia kuja, waoneshwe ng'ombe wa mahari kule kwake Rejaf, wakubali au wakatae. Mpaka hapo bibi harusi haruhusiwi kulala kwa mumewe, analala kwa shangazi, ili watu wasiseme ameibwa. Kwetu Kitale, baba yangu naye alishikilia kwamba wazee wa kijana ndio wanaotangulia kuja kubisha hodi. Basi huyu akakaa Rejaf akiwangoja wageni kwa heshima kubwa, na yule akakaa Kitale akiwangoja wageni kwa heshima kubwa. Kila mmoja alikuwa akishangaa upande wa pili ulivyokosa adabu. Nilipompigia baba kumweleza akasema, "Mwanamume hatoki kwake kwenda kukagua ng'ombe wa watu kama mnunuzi." Nilipomwambia Lado amweleze baba yake mkubwa, akajibu, "Nitatafuta siku nzuri." Mwanangu, mtu anayetafuta siku nzuri anaogopa.

Na jioni Lado alinipigia simu kutoka Atlabara. Umekula nini? Mvua imenyesha? Kutoka kwake mpaka kwangu bodaboda haichomi hata mafuta, na bado tulikuwa tunaulizana habari za mvua, wakati mvua ilikuwa ni hiyohiyo moja!

Nilinuna. Hilo ndilo kosa langu, nalisema wazi. Niligonga masufuria, nilifua kwa hasira mpaka nguo zikachanika, nikadhani watu watasoma uso wangu na kuelewa. Siku ile ya maharagwe, Lado alipoondoka na kichwa chake chini, nilikaa kizingitini nikalia. Shangazi akanijia. Huyu mama alikimbilia Uganda wakati wa vita na Kiswahili chake amekileta kutoka huko.

"Wewe mtoto ya watu, unalia kwa mimi ya nini?" akaniuliza. "Mimi ndiyo nilikuoa? Mtoto yako inakojoa kwa kitanda yangu kila siku, nimenyamaza. Wewe unapiga sufuria. Sufuria iko na kesi gani?"

"Si wewe umewekwa kunichunga?" nikamjibu vibaya.

"Walisema nikulinde siku kidogo. Nani alisema tuzeeke pamoja?" Akakaa karibu nami, akaanza kucheka mpaka na mimi nikashindwa kujizuia. "Hapa mwanamke akionewa, anaenda kwa sultani, anataja jina ya mtu. Kununa haina kesi. Kalas, imeisha. Kesho tunaenda."

Sultani ndivyo wanavyomwita chifu hapa. Kumbe njia ilikuwapo wakati wote, na mlinzi wangu ndiye aliyekuwa na ufunguo, ananingoja mimi nifungue mdomo! Tulingojana sote, mwanangu. Nyumba nzima ya wangojaji.

Sasa sikiliza nikushauri, maana bado nina hasira na hasira inanisaidia kukumbuka. Ukiitwa na mpenzi nchi nyingine, usiulize tu kama anakupenda. Simu haijawahi kushindwa kusema nakupenda. Muulize usiku wa kwanza utalala wapi, na nyumbani kwao nani akisema hapana, inakuwa hapana. Wakutanishe wazee wa pande mbili wasikizane kabla hujakata tiketi, hata kama watagombana, wagombane mapema. Na ukifika ukakuta mambo sivyo, usigombane na vyombo. Tafuta panaposikilizwa kesi, utaje majina.

Ninakuandikia haya nikiwa Atlabara, kwa hiyo unajua sultani na wazee wake waliamuaje. Mungu akufikishe salama unakokwenda, akupe mlango unaofunguka kwa ndani, na shangazi mwenye kicheko. Maneno niliyosema mbele ya wazee ndiyo haya. Nilisema kwa Kiswahili, shangazi akageuza kwa Kiarabu cha Juba, karani akaandika:

"Mheshimiwa sultani, na wazee wangu. Mimi ni Nekesa, mama Tabitha, kutoka Kitale. Namshtaki Lado kwa kunitoa kwetu mbali ili aniweke mbali. Namshtaki baba yake mkubwa kwa kungoja wageni ambao hajawaalika. Namshtaki na baba yangu mzazi. Hayupo hapa, lakini kosa lake ni lilelile, naye aandikwe. Ng'ombe siwadai, hao ni wa wazee. Naomba wakubaliane nani atatoka kwake kwanza, na wakishindwa, muwaamulie. Lakini wakati wanabishana, mimi na mtoto tulale kwa Lado kuanzia leo, ili kesho Tabitha akiamka amkute babake amepiga magoti, kichwa kiko chini ya kitanda, anatafuta soksi."