Kulia Kuna Nchi, Kushoto Kuna Kivuli

Kaka yangu alifua mashuka katika meli ya watalii, na kwa miaka mingi hatukumtia machoni. Mara chache meli yake ilipita Mombasa, ikalala usiku mmoja na kuondoka. Usiku mmoja hautoshi kwenda Garissa na kurudi, kwa hiyo alitupita karibu bila kutufikia. Mwaka wa tisini na saba akapata njia. Wafanyakazi waliruhusiwa kuwachukulia wazazi wao chumba kwa nafuu, safari ya kutoka Mombasa kwenda Zanzibar na Komoro na kurudi. Yeye likizo hakupewa, basi wazazi wangemfuata huko huko kazini.

Alipiga simu dukani kwa jirani, siku ya Ijumaa baada ya swala. Mimi ni binti wa mwisho, na wakati ule nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo mambo ya simu yalikuwa yangu. Aabo na Hooyo, ndivyo tunavyowaita baba na mama, walisimama nyuma yangu wakinipumulia shingoni.

"Wanataka upande gani?" kaka aliuliza.

"Upande gani wa nini?"

"Wa meli. Vyumba vya madirisha viko kulia na kushoto. Natakiwa nichague leo."

Niliwageukia wazee, nikawaeleza.

"Muulize kibla iko upande gani," Aabo alisema.

Kaka alicheka kule mbali. "Tukienda, kibla itakuwa nyuma yetu. Si kulia wala si kushoto."

"Mwambie mimi nataka kuona nchi kavu," Hooyo alisema. "Siwezi kulala huku natazama maji yasiyo na mwisho."

"Basi ni kulia," kaka alisema. "Lakini kulia ndiko linakopiga jua la alasiri. Chumba kinachemka. Kushoto kuna kivuli na bahari tupu. Wakati wa kurudi mambo yanageuka."

"Mtu wa Garissa ataogopa jua?" Hooyo aliuliza.

"Mimi nimelichoka," Aabo alisema polepole. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na umri wake wote aliumaliza nyuma ya mbuzi. "Mara hii moja, nipeni kivuli."

Walibishana hivyo, mwenye duka akitazama saa yake. Mara Hooyo akanivuta mkono. "Muulize yeye analala upande gani."

Nikauliza. Laini ilikoroma kidogo.

"Mwambie nalala chini, katikati," kaka alisema. "Hakuna dirisha. Hakuna upande."

Nilitamani kumficha Hooyo, lakini alikuwa ananitazama mdomoni, nikamwambia. Alirekebisha mtandio wake, kisha akasema, "Basi achukue upande wowote ulio karibu na ngazi yake."

Nikamfikishia kaka. "Nitachukua kulia," alisema mwishowe. Aabo hakupinga.

Pasipoti walizipata baada ya kuzungushwa sana Nairobi. Aabo alinunua kikoi kipya. Jirani mmoja, mama aliyekimbia kutoka Kismayu kwa mashua wakati wa vita, alimletea Hooyo ndimu za kunusa kichefuchefu kikimshika. Hooyo alimuuliza bahari ikoje. Yule mama akasema ndimu zikaushwe kidogo, zisioze njiani.

Kisha mvua ikaanza. Siku za kwanza tuliishukuru, kwa sababu nchi ilikuwa imekauka mpaka punda walikuwa wanaanguka. Haikukoma. Mto Tana ukatoka kwenye kingo zake, ukaingia mashambani, ukazizoa nyumba za watu wa bondeni. Wiki ya safari ilipofika, barabara ya Nairobi ilikuwa imekatika. Ikabaki ile ya Hola.

Tulipanda basi alfajiri, mimi nikiwasindikiza. Karibu na Bura dereva alisimamisha gari. Mbele hapakuwa na barabara. Palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na vichwa vya miti vimejitokeza humo. Utingo alishuka na fimbo ndefu, akaingia, maji yakamfika kifuani, akarudi akitikisa kichwa.

"Jaribu pembeni," Aabo alimwambia dereva.

"Mzee, pembeni ni wapi?"

Aabo alishuka, akasimama ukingoni na viatu vyake vya safari. Hooyo alibaki kitini, mfuko wa ndimu mapajani. Hakulia. Aliniuliza tu kama meli inaweza kungoja, nikamwambia haingoji. Dereva akageuza.

Simu nazo zilikuwa zimekufa, kwa hiyo hatukuwa na njia ya kumwambia kaka. Siku ambayo meli ilikuwa iondoke Mombasa, Hooyo alipika chakula na hakuna aliyekula. Baada ya hapo ugonjwa ukaingia kwenye mifugo, mbuzi wakaanza kutoa mimba na kufa. Aabo alikuwa akitoka asubuhi kuwaburuta waliokufa, akirudi ameloa.

Laini ziliporudi, kaka alipiga. Alijua habari za mvua kutoka redioni. "Kile chumba hakikupata mtu," aliniambia. "Mashuka yake yaliletwa kwangu mwisho wa safari. Yalikuwa safi, hayajalaliwa. Nikayafua hivyo hivyo." Hilo sikumwambia Hooyo.

Mvua ilipokwisha, kaka alipata ruhusa ya siku chache akaja nyumbani bila taarifa. Aabo hakuwepo. Alikuwa amekwenda Griftu, mbali kaskazini, kutafuta mbuzi wa kuanzia upya. Tulituma ujumbe kwa dereva wa lori, ujumbe ukafika Griftu, lakini Aabo alikuwa tayari ameelekea Bute, mbele zaidi. Kaka alimngoja kila jioni barabarani, mpaka siku zake zikaisha. Hooyo alimshika mikono, ile mikono iliyochubuka kwa sabuni, na hakutaka kuiachia hata basi lilipowashwa.

Aabo alirudi kesho yake, mchana, na mbuzi wachache waliokonda. Tulipomwambia, aliketi mkekani na fimbo bado mkononi.

"Amenenepa?" aliuliza.

"Hapana," Hooyo alisema. "Na ana mvi."

"Mvi?"

"Hapa pembeni, juu ya masikio."

Aabo alipeleka mkono kwenye kichwa chake mwenyewe, mahali pale pale, akauacha hapo. Hooyo alimmiminia chai. Ilipoa mbele yake, na nje mbuzi wageni walikuwa wakilia kutaka maji.