Maiti Juu ya Meza ya Kulia

Miaka kumi na minane Mwanaisha amepika katika majumba ya Doha, na hajaona kitu cha kumtia kinyaa kama meza ya Bradley.

Bradley, tajiri wake mtaani Al Thumama, ni mwalimu wa historia aliyewahi kufundisha Arusha. Juu ya meza ya kulia alijenga shamba la Wazungu wa enzi za Napoleon: nyumba, ghala, kisima, ukuta mzima na lango la mbao. Ndani vijiaskari vya chuma vya Kiingereza vinalinda, nje vya Kifaransa vinasukuma lango. Damu ya maiti wao kaipaka kwa rangi ya kucha.

"Walilishika lango kutwa nzima, Mama!" alimsimulia, kinywa kimejaa sambusa. "Ghala likawaka, majeruhi wakaungua humo humo!" Akacheka, makombo yakawadondokea maiti.

Mwanaisha akageuza uso. Watu wameungua wangali hai, huyu anatafuna!

Jeremiah, mlinzi wa getini, Mkenya, alimwonya. "Mathe, mkataba wako mpya uko juu ya friji, yeye ashatia sahihi. Weka yako, achana na hivyo vidoli vyake."

"Mathe ni mama wa kwenu Kenya," akamjibu. Lakini yalimwingia. Miaka miwili tu, na nyumba yake ya Pangani ingepata bati jipya. Masika yaliyopita, alipokwenda likizo, mvua ilimfuata hadi kitandani.

Ijumaa, akipangusa vumbi, mkono ukamkatalia kuwapita wale maiti. Akawaokota wafu wote, wa ndani ya ukuta na wa nje, akawaosha ile rangi, akawalaza ubavu wa kulia, nyuso kibla, akawafunika kitambaa cheupe cha mezani. Dini yao hakuijua. Adabu ya maiti aliijua.

Jioni wageni wakaja kucheza vita. Bradley akaiinamia meza.

"Nani kaharibu?"

"Mimi. Nimewasitiri."

"Hivi ni vyuma, Mama!"

"Uliponisimulia walikuwa watu."

Wageni wakaangua kicheko. Bradley akakikwapua kile kitambaa, akajifutia mdomo wake wenye mafuta.

Mwanaisha alimkazia macho mpaka kicheko kikakatika chenyewe. Akanyanyua sinia la sambusa, wala wageni hawajaonja, akaingia jikoni. Kalamu ilikuwa juu ya friji, kando ya mkataba. Hakuigusa. Akautandika mkataba chini ya sambusa, unywe mafuta, akampelekea Jeremiah getini.

"Kula. Mwisho wa mwezi narudi kwetu."

"Na bati je, mathe?"

"Nitahamisha kitanda."